Siku Baba Mchungaji Alipounga Mkono Hoja

Nilikuwa karani mpiga chapa katika ofisi ya kanisa pale Same mjini kwa miaka tisa, na mitano kati ya hiyo mkuu wangu wa kazi alikuwa mbunge. Jina lake sitaliandika, wala la kanisa letu, wala la zahanati nitakayoisema, kwa sababu wapo watoto na wajukuu, na kwa sababu sehemu kubwa ya lawama ninayotaka kuieleza ni yangu mwenyewe.

Tulimwita Baba Mchungaji. Alikuwa mkuu wa wachungaji wote wa upande wetu, kuanzia sharika za milimani hadi vibanda vya ibada vya kwenye mashamba ya mkonge huku tambarare. Alizaliwa juu, jirani na Suji, kama mimi, na tulipokuwa wawili tu ofisini alinisemesha Chasu, Kipare chetu. Mgeni akiingia alirudi kwenye Kiswahili chake cha mimbarani, cha polepole, kila neno limetamkwa hadi mwisho. Hakuwa mtu wa makuu. Mchana alikula makande mezani pake, bakuli akaliosha mwenyewe, na waumini wengi aliwajua kwa shida zao kabla ya kuwajua kwa majina.

Jina lake liliposomwa redioni kuwa miongoni mwa walioteuliwa kuingia Bungeni, wazee wa kanisa walikaa kikao siku mbili. Mmoja alisema mchungaji akishaingia Bungeni mahubiri yake yatasikika kama ya chama, na watu wataacha kumletea siri zao. Mwingine aliuliza ni nani basi atakayesema habari za watu wetu, maana wabunge tuliokuwa nao wakifika huko wanasinzia. Baba Mchungaji aliwasikiliza wote. Mwisho alisema atakwenda, na atakwenda na kola yake shingoni, ili kila atakapoinuka kusema wajue anawasemea kina nani.

Hiyo ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena. Tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tulisimama mbele ya rafu za Same tukashangaa: sabuni za rangi tatu, mafuta ya kupaka, redio ndogo za betri, na sokoni mitumba imemwagwa chini hadi barabarani, upepo ukiipeperusha. Lakini juu milimani kahawa haikuwa na bei, watu waling'oa mibuni wakapanda maharage. Huku chini mashamba ya mkonge yaliuzwa au yaliachwa tu yaote magugu, na vibarua waliokuja ujana wao kutoka Kigoma na Songea walibaki kwenye kambi bila kazi na bila nauli ya kurudi kwao. Ndipo tukaanza kulisikia neno "kuchangia". Tulilijua neno hilo kwa harusi na misiba. Sasa lilikuwa la shule, kisha la hospitali.

Miaka miwili ya kwanza Baba Mchungaji alikwenda Bungeni na kurudi, na kila aliporudi niliona amechoka zaidi. Wabunge walimpenda. Walimwita Askofu kwa utani, ingawa hakuwa askofu, na walimwomba awaombee kwa faragha, huyu presha, yule mtoto amefungwa. Alisema kuhusu barabara yetu ya milimani, alisema kuhusu maji, na kila hotuba aliimaliza kama wenzake walivyomaliza zao: naunga mkono hoja. Siku moja nilimuuliza ni kwa nini mtu alalamike robo saa nzima halafu aunge mkono kilekile alichokilalamikia. Hakukasirika. Alisema humo ndani ndivyo inavyokwenda, kwamba unaruhusiwa kusema chochote ukiwa umeshakubali.

Katika mwaka wa tatu ndipo ulipotoka waraka.

Zahanati yetu ilikuwa chini ya mlima, mahali ambapo njia ya kwenda juu inaachana na uwanda. Kwa miaka mingi dawa zake zililetwa na marafiki wa kanisa wa ng'ambo. Marafiki wale wakaandika kwamba nao hali ni ngumu, na kwamba siku hizi tunapaswa kujitegemea. Kamati ya zahanati ikakaa, ikaamua, ikanipa maamuzi yake niyapige chapa. Nilipiga kwenye stensili. Sentensi ya pili ilisema hivi: "Mgonjwa yeyote asihudumiwe kabla ya kulipa." Baba Mchungaji aliutia sahihi akiwa amesimama, begi lipo begani, kwa sababu basi la Dar es Salaam lilikuwa limeshapiga honi stendi. Sina hakika kama aliusoma wote. Mimi niliusoma wote, neno kwa neno, na sikuona kitu cha kunishtua. Nilitoa nakala, moja ikapelekwa zahanati, ikabandikwa mlangoni.

Miezi michache baadaye, asubuhi moja ya vumbi, mtu mmoja aliingia ofisini akivuta baiskeli. Nilimwambia aiache nje. Akasema haina kufuli, hivyo akaiegemeza ukutani ndani, karibu na meza yangu. Alikuwa Muha wa Kigoma, mkata mkonge wa zamani, mikono yake imejaa makovu ya miiba. Hakuwa wa kanisa letu wala hakujifanya kuwa muumini wetu. Alikuja kwa sababu aliambiwa kwamba mkubwa wa zahanati ile ni mbunge.

Baba Mchungaji alikuwa safarini milimani. Nikamwambia anieleze mimi, nitaandika.

Akaeleza bila haraka. Mke wake alishikwa na uchungu alfajiri. Alimkalisha nyuma ya baiskeli hii hii, yeye akaisukuma kutoka kambini hadi zahanati, akisimama kila alipomwambia asimame. Pale mlangoni muuguzi aliuonyesha waraka kwa kidole, akamsomea, maana yeye hajui kusoma. Ikabidi amwache mke wake barazani, arudi kutafuta wa kumkopesha. Aliyemkopesha ni Mwislamu mmoja mwenye duka huko barabara kuu, ambaye hakumuuliza atarudisha lini. Aliporudi hakumkuta barazani. Muuguzi alikuwa ameshamwingiza ndani mwenyewe, hakungoja tena malipo, na alikuwa amelowa damu hadi kwenye viwiko. Mtoto alikuwa ameshakufa. Mama alikufa kabla ya saa sita.

"Sitaki mtu afungwe," aliniambia. "Yule dada alilia kuliko mimi. Nataka tu huyo mkubwa ajue."

Niliyaandika hayo yote. Nilimwambia, "Pole sana, kaka," naye akajibu ameshapoa, akatoa baiskeli yake nje.

Kwa vile Baba Mchungaji hakuwapo, karatasi ile niliipeleka kwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati, kama utaratibu ulivyotaka. Wiki haikuisha, muuguzi akasimamishwa kazi. Barua ya kumsimamisha nami ndiye niliyeipiga: utovu wa nidhamu na kukosa huruma kwa mgonjwa. Waraka haukutajwa. Aliporudi Baba Mchungaji alikuta muhtasari wa mistari mitatu kwenye faili, kwamba muuguzi mmoja amesimamishwa kufuatia kifo cha mzazi. Alitia tiki pembeni, akageuza ukurasa.

Mwaka huo Serikali ikapeleka Bungeni mpango wa watu kuchangia matibabu katika hospitali zake. Baba Mchungaji aliniita, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Mwanangu," alisema, "safari hii siungi mkono."

Alikuwa na miaka zaidi ya sitini, na alilisema hilo kama kijana anayewaambia wazazi wake kwamba amejiunga na jeshi. Alisema amewaomba wachungaji wa sharika wamletee habari za wagonjwa waliokosa matibabu, lakini walichomletea ni maneno ya jumla tu. Bungeni maneno ya jumla hayasikilizwi. Alitaka mtu mmoja, kisa kimoja cha kweli, kitakachowafanya wale wanaosinzia wainue vichwa. Akaniomba nipekue mafaili.

Sikuhitaji kupekua. Nilikaa kwenye mashine nikakipiga kisa cha yule Muha: baiskeli, baraza, kidole cha muuguzi kwenye karatasi, mkopo uliochelewa. Nilipofika penye jina la zahanati vidole vilisimama. Nikaandika "zahanati moja ya tarafa yetu". Ule waraka nikauita "tangazo". Yale ya muuguzi kumwingiza mama ndani bila malipo niliyaacha kabisa, kwa sababu yaliharibu mtiririko.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nawaza nini. Nilijiambia kwamba namlinda mzee. Nilijiambia pia kwamba mama yule ameshakufa, na kama kifo chake kinaweza kuzuia vingine, basi mlango aliofia mbele yake haujalishi ni wa nani. Mimi nililiona hilo kuwa jambo la Mungu. Lakini kulikuwa na kitu kingine chini yake, kidogo na kibaya: nilitaka hotuba iwe nzuri. Nilikuwa nimechoka kupiga hotuba za barabara.

Alisoma mbele yangu, miwani imeshuka puani. Aliposoma pale pa zahanati moja ya tarafa yetu kalamu yake ilisimama juu ya karatasi. Kisha akaendelea. Aliposema asante sauti yake ilikuwa ndogo.

Siku tatu alijizoeza mle ofisini, akitembea toka dirishani hadi kwenye kabati, nami nikimhesabia dakika kwa saa ya ukutani, maana kengele ya Spika haimsubiri hata mtumishi wa Mungu. Nilimfundisha wapi pa kupumua. Jumapili waumini wa Same walimwombea safari, na mama mmoja mzee alimshika mkono akamwambia akawaambie wasituue. Jumatatu akapanda basi.

Jioni ya siku ya hotuba nilikwenda kwenye duka la mzee mwingine wa Kiislamu jirani na stendi, kwa sababu redio yake ilikuwa na sauti. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitika marahaba, akanisogezea kigoda. Yeye na Baba Mchungaji waliheshimiana. Kila Idi na kila Krismasi walipelekeana sahani. Watu walikuwa wamejaa kibarazani: makuli wa stendi, wauza mitumba, walimu wawili, abiria waliokuwa wakingoja basi la kwenda Moshi. Ilipomalizika taarifa ya habari, kipindi cha Bunge kikaanza, na katikati yake sauti ya mzee wetu ikasikika.

Alisema vizuri. Namna alivyosema baiskeli, namna alivyosimama baada ya neno baraza, hata wauza mitumba waliisogelea redio. Nilisikia maneno yangu yakitoka kwenye kile kisanduku nikafurahi, na furaha ile siwezi kuikana. Mwenye duka alitikisa kichwa, akasema taratibu kwamba leo amesema mtu.

Kisha sauti nyingine ikasema, "Taarifa, Mheshimiwa Spika."

Alikuwa mbunge wa upande mwingine kabisa wa nchi, mtu wa sauti laini. Akasema anamheshimu Mheshimiwa Mchungaji, na hata yeye amelelewa kanisani. Ila angependa kumpa taarifa kwamba zahanati hiyo si ya Serikali. Ni ya kanisa la Mheshimiwa mwenyewe. Akasema anao mkononi waraka uliobandikwa mlangoni pake. Akaisoma sentensi ya pili. Kisha akasema, "Na sahihi iliyo chini, Mheshimiwa Spika, ni ya Mheshimiwa anayezungumza."

Kukawa na kelele ya watu wengi Bungeni, vicheko na kupiga meza. Spika akauliza kama Mheshimiwa Mchungaji anaipokea taarifa hiyo.

Kibarazani hakuna aliyenitazama, ila wenyeji wote walijua mimi ni nani na nafanya kazi wapi. Redio ilikwaruza. Kisha Baba Mchungaji akasema, "Naipokea."

Angeweza kukaa hapo. Angeweza kusema kwamba amekosa, na kwamba kosa lake ndilo ushahidi wa jambo analolipinga, kwamba akishindwa mchungaji mlangoni mwa zahanati yake, hospitali zenye mlango mkubwa zaidi zitafanyaje. Nimeshamwandikia jibu hilo mara nyingi kichwani mwangu. Lakini aliyekuwa amesimama pale alikuwa mzee aliyeaibika mbele ya watu, na ulimi wake ulikimbilia kwenye maneno uliyoyazoea.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "naunga mkono hoja."

Mwenye duka akainuka, akaizima redio. Akaanza kuingiza ndani madebe yake ya mafuta ya taa, na watu wakatawanyika.

Waraka ulimfikiaje yule mbunge, nilikuja kulijua baadaye. Nilikutana na yule muuguzi sokoni Same, ameinama kwenye rundo la mitumba akichagua nguo za watoto. Nilitaka kupita, yeye akanisimamisha. Alisema shemeji yake ni dereva Dar es Salaam, na bosi wa shemeji yake alikuwa na rafiki mbunge. Waraka aliubandua mwenyewe siku aliyosimamishwa, akauweka kwenye mkoba, na aliposikia Baba Mchungaji anakwenda kuwasemea wagonjwa Bungeni akautuma kwa shemeji yake.

"Mimi nilifuata karatasi yenu, mdogo wangu," aliniambia. "Halafu nikaivunja, nikamwingiza. Mkanifukuza kwa kukosa huruma."

Nilimwomba radhi. Akasema radhi hailishi watoto, akarudi kuchagua nguo.

Baba Mchungaji alirudi Same kabla kikao cha Bunge hakijaisha. Aliingia ofisini na mkoba wa safari mkononi, akauliza kama najua yule mtu anakaa wapi. Nikamwambia najua, kwa vile niliandika kambi yake. Tukaondoka asubuhi iliyofuata kwa basi, tukashuka barabarani, tukatembea katikati ya mkonge uliozidiwa na vichaka. Alikuwa amevaa kola yake. Jua lilikuwa kali, hakukuwa na kivuli mahali popote, naye alinifuata nyuma hadi tulipoziona nyumba za kambi, mistari miwili ya vyumba vya matofali vilivyobomoka madirisha.

Tulimkuta yule Muha nje ya chumba chake akisuka kamba ya katani. Alimwamkia Baba Mchungaji kwa heshima, akaingia ndani akatoa kiti kimoja na ndoo. Mzee akakaa kwenye kiti, mimi nikakaa kwenye ndoo, yeye akabaki amechuchumaa. Kamba hakuiacha.

Baba Mchungaji akaanza kueleza. Alisema ule waraka aliutia sahihi yeye. Alisema amekuja kuomba msamaha, na kwamba waraka umeshafutwa, tangu jana. Alieleza kwa urefu, na nilivyomsikiliza niliona anahubiri, hawezi kuzungumza kwa namna nyingine. Mwenyeji wetu alimwacha hadi mwisho.

"Nilisikia redioni," alisema. "Walikuja kuniita, wakaniambia mke wako anasemwa Bungeni. Nikakimbia. Nilingoja useme jina lake. Ukasema mama mmoja."

Baba Mchungaji alinigeukia, kwa sababu hakulijua jina. Mimi nililijua, nililiandika ile asubuhi ya kwanza, na kwenye hotuba sikuliweka. Nikalitaja pale, kwa sauti ya chini. Yule mtu aliinua macho akanitazama kama aliyeguswa.

Kisha akamuuliza Baba Mchungaji, wala si kwa ukali, kama mtu anayetaka kuelewa. "Mwishoni ulisema unaunga mkono. Uliunga mkono nini, Baba?"

Baba Mchungaji aliishika kola yake shingoni. Mwisho aliuliza kama wanaweza kuomba pamoja.

"Leo hapana," alisema yule mtu. "Siku nyingine, labda."

Akatuonyesha kaburi, kwa sababu Baba Mchungaji alitaka kuliona. Lilikuwa nyuma ya kambi, karibu na mashine ya mkonge iliyokufa kitambo, pamoja na makaburi mengine ya vibarua, mama na mtoto wamezikwa pamoja. Kisha akatusindikiza hadi kwenye njia, akaaga, akarudi.

Tukiwa tunangoja basi kandokando ya barabara kuu, nilimwambia Baba Mchungaji ukweli wangu. Nilimweleza kwamba jina la zahanati nililificha mimi kwa makusudi, na habari za muuguzi pia, na kwamba kama angejua asingeaibishwa vile. Nililia. Yeye alitazama upande wa Lembeni, kule malori yanakotokea.

"Nilijua," alisema. "Nilisoma, nikaona pana pengo. Nilikumbuka ule mstari wa muuguzi kwenye faili. Ningekuuliza ungenijibu, ndiyo maana sikukuuliza."

Basi lilipofika tulikaa viti vya mbalimbali, kwa sababu havikuwapo viwili vya pamoja. Hatukuizungumza habari hiyo tena.

Mpango wa kuchangia ulipita, kama ungepita hata angeupinga. Kwenye zahanati yetu watu walianza kutibiwa bila kulipa kwanza, kisha bila kulipa kabisa, na wakaja wengi, wengine kutoka mbali, hadi dawa zikaisha kabatini. Muuguzi alirudishwa kazini kwa barua niliyoipiga mimi, akaja akakaa miezi kadhaa kwenye jengo lisilokuwa na hata kidonge cha malaria, akiwaambia watu waende wilayani. Kisha kamati ikafunga mlango. Mwenyekiti alisema kikaoni, bila kumtaja mtu, kwamba aibu ya Bungeni imetugharimu zahanati. Baba Mchungaji aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa naandika muhtasari, nikaliandika na hilo.

Alimaliza kipindi chake cha ubunge bila kusimama tena kusema. Walipomwomba awaombee kwa faragha aliwaombea. Niliwahi kusikia mbunge wetu mwingine akimtania kwamba siku hizi Askofu amefunga mdomo kwa kwaresima ndefu, naye akacheka kidogo kwa adabu. Mimbarani pia alibadilika. Alihubiri kwa kifupi, akisoma, na mara mbili tatu alisimama katikati ya sentensi akasahau alikokuwa anakwenda. Kola ya kwenda Bungeni aliivaa hadi siku ya mwisho. Baada ya hapo alistaafu, akapanda kwake mlimani, akalima tangawizi.

Yule Muha sikumwona tena. Shamba la mkonge lilipata mwenye mali mpya, ambaye aliwatoa watu kambini ili akarabati vyumba, na nilisikia kwamba baadhi yao walipewa nauli ya treni.

Baba Mchungaji alikufa miaka michache baada ya kustaafu. Ofisi ilikuwa imenipunguza kazini wakati huo, nauza vyombo vya plastiki sokoni, lakini familia yake iliniita niandike wasifu wa kusomwa mazishini, kwa kuwa kazi zake nilizijua. Nilikaa mbele ya karatasi siku nzima. Mwisho niliandika alikozaliwa, alikosoma, sharika alizotumikia, watoto aliowaacha, na kwamba alikuwa mbunge kwa kipindi kimoja. Zaidi ya hapo sikuandika. Mwanawe mkubwa alisoma akaniuliza kama hakuna la kuongeza kuhusu Bunge. Nikamwambia hapana.

Mazishini watu walijaa mteremko mzima. Alikuja kiongozi mmoja kutoka mjini, na alipopewa nafasi alisema marehemu alikuwa mtetezi wa wanyonge Bungeni, na kwamba hotuba yake kuhusu mama mjamzito bado inakumbukwa. Watu wakaitikia kwa kichwa. Wajane, wazee wa kanisa, watoto wa shule waliopangwa kwa mistari, wote walionekana kufarijika, na mjane wa marehemu alijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Yule muuguzi alikuwa amesimama nyuma yangu, maana naye alipanda kuja kuzika. Nilimsikia akivuta pumzi. Nilidhani atasema kitu, na nilitamani aseme, kwa sababu mimi nilijua sitasema.

Kwaya ikaimba, udongo ukaanza kurudishwa shimoni, na ukungu ukashuka hadi watu wa upande wa pili wa kaburi hawakuonekana nyuso. Baadaye tulipewa makande kwenye majani ya migomba, tukala tumesimama. Gari la kurudi Same lilikuwa pikapu moja tu, tukabanana nyuma, mimi na yeye bega kwa bega, na njia nzima ya kuteremka alinishika mkono kwa sababu kona ni kali na yeye alikuwa anaogopa. Tulipofika bondeni aliuachia.

"Mtoto wangu wa pili anafanya mtihani wa darasa la saba mwaka huu," alisema. Nikamwambia Mungu amsaidie. Akashuka kwenye njia panda ya kwake, akakung'uta vumbi kwenye kanga, akaenda zake.